Ngitili Juu ya Lundo la Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye machimbo ya mawe ya barabara nje ya Maswa, mhandisi mkuu alinikabidhi sululu na koleo. "Chimba hapo uniambie udongo mzuri unaishia wapi," alisema. Nilidhani anamtania mgeni. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Juu kuna udongo unaolisha pamba na mahindi. Chini yake, kwetu huku, mara nyingi unakutana na ibambasi, udongo mgumu wa chumvichumvi ambao hata mvua haijui pa kuingilia. Katapila likichanganya hivyo viwili, shamba limekwenda na maji.

Kazi hiyo ya afisa udongo na maji niliifanya mpaka nikastaafu. Kabla ya baruti tunakwangua udongo wa juu, tunaulundika pembeni na kuuotesha nyasi ili mvua isiuchukue. Mawe yakiisha, shimo linafukiwa na udongo unarudi kwa mwenyewe. Lundo halitakiwi kwenda juu sana, maana udongo wa ndani hukosa hewa. Wenzangu waliniita mchunga mchanga. Wacheke tu, wao walikuwa wanalala. Mimi niliahidi watu kitu ambacho mvua moja mbaya ingeweza kukibeba chote.

Kutoka Maswa nilihamishiwa Kasoli, kisha Nkololo. Huko nikamkuta Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mjane aliyekuwa na shamba juu ya mwamba tulioutaka. Alikubali lichimbwe kwa sharti moja. "Mwanangu, udongo huu aliulima mama mkwe wangu. Nirudishie huu huu, usije ukaniletea wa kwa watu." Nikamwambia utarudi. Tangu siku hiyo, kila wingu likitanda nilikwenda kulikagua lundo.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema. Mto wa pale ni wa mchanga, na kiangazi watu huchimba visima humo humo mtoni. Pampu za shimo letu zilivuta maji yale yale kwa chini. Meneja wa machimbo, mtu wa haraka asiyependa maswali, akaagiza nyasi za lundo la Mayu Kabula zimwagiliwe maji hayo. Nilimwonya, akaniambia niangalie lundo langu. Likawa la kijani peke yake nchi nzima ikiwa kahawia, na kule mtoni kamba za ndoo zikawa zinaongezwa urefu.

Asubuhi moja tukakuta wafugaji wamesimama na mifugo yao kwenye uzio wa lundo.

"Tumevamiwa! Piga simu polisi," meneja alisema.

"Hawajavamia, bosi. Wanasubiri tufungue."

Ikabidi nimweleze. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, likafunguliwa kiangazi ng'ombe wakizidiwa. Wale wazee waliona uzio na majani, wakajua ni ngitili ya kampuni. Nani afunge asifungue? Lakini kwato zikipanda pale lundo lingemomonyoka, na mvua ya kwanza ingelimalizia korongoni. Nilitoka kwenda kuongea nao.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu mzee wao.

"Mwangaluka. Maji yetu mmeyanywesha majani. Haya, na hayo majani tupeni."

Alikuwa na haki. Kibali chetu cha kutumia maji kilisema visima vya wananchi vinatangulia. Nikamgeukia meneja palepale, watu wakisikia, nikamwomba bomba lihamishiwe kwenye mabirika ya kunyweshea mifugo.

"Nyasi zikifa je?"

"Mizizi itashikilia udongo. Ila visima vikikauka, bosi, kibali hatuna."

Alinuna, lakini bomba likahamishwa. Wazee wakashukuru, na hakuna aliyeondoka.

"Sasa ngitili hii ni ya nani?" mzee akauliza. "Kama ni ya kampuni, kampuni ifungue."

Hapo Mayu Kabula akapenya mbele, ng'ombe wake nyuma yake, mbavu zinahesabika.

"Ni yangu. Udongo wangu, majani yangu. Sijafungua."

Hakuna aliyebisha, maana ngitili anaifungua mwenyewe. Wakageuza mifugo, naye akaigeuza ya kwake pamoja nao. Jioni ile nilikula nikashiba, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Niliona tumeshinda.

Udongo ulirudishwa shambani mwaka niliostaafu. Nyumbani Bariadi sikutulia. Mtu hastaafu wasiwasi. Mvua zilipokolea nikapanda bodaboda kwenda Nkololo. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, Mayu Kabula yumo ndani anapalilia. Nikamwomba aniambie kweli.

Akachota udongo, akauvunja kiganjani, akaunusa. Nilisubiri kama mshtakiwa.

"Ndio wenyewe," alisema, kisha akanishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, mwanangu."

Nikashusha pumzi niliyoibana miaka. Ndipo nikatazama nyuma ya nyumba yake. Ndani ya zizi maboga yalikuwa yametambaa mpaka mlangoni.

"Mayu, ng'ombe siku hizi unawalaza wapi?"

"Waliisha kiangazi kile," akasema, akainamia jembe.