Ng'ombe Saba, Zizi Moja

"Mvua ikikataa huku Ganako, hao ng'ombe wote utawahamishia wapi?"

Baba aliniuliza hivyo nikiwa likizo kutoka chuo kikuu, kabla kidogo ya uhuru. Nikacheka.

Tulikuwa na ng'ombe saba, lakini zizini kwetu walilala wawili tu. Wengine baba alikuwa amewaweka kwa watu, kama ilivyo desturi yetu Wairaqw: wawili kwa shemeji yake Mbulu, watatu kwa rafiki yake Mmasai kule juu Ngorongoro. Anayetunza hunywa maziwa. Ng'ombe na ndama hubaki wa mwenyewe. Mimi niliona ni ujinga. Sisi tunaomba maziwa kwa jirani, mifugo yetu inanenepesha watoto wa watu!

Nilimsumbua baba mpaka akachoka. Wale wa Mbulu wakaja kwanza, kisha tukapanda Ngorongoro. Yule Mmasai alitupokea kwa maziwa. Baba akazungumzia majani, akazungumzia kupe, lililotuleta likamshinda kutamka. Nikamwambia kwa Kiiraqw, kwa sauti, "Baba, mwambie huyu mwizi atoe ng'ombe zetu. Tumbo lote lile ni maziwa yetu."

Mwenyeji wetu alitazama fimbo yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Wachukue, ndugu yangu. Ila mmoja mwache hapa. Mwaka huu sijaupenda."

"Tunachukua wote," nikajibu mimi.

Vuli haikuja. Masika ikanyesha siku tatu, ikakoma. Niliporudi likizo iliyofuata nilimkuta baba akimwinua ng'ombe wa mwisho kwa mkia, maana hakuweza tena kusimama mwenyewe. Alikufa siku ya pili. Baba hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonichoma.

Mvua ziliporejea, baba alipanda Ngorongoro peke yake, akarudi na mtamba mwekundu. Rafiki yake ndiye aliyempa. Nilijua imenipasa kwenda kuomba radhi. Sikwenda. Nilijiambia kwamba sina cha kuombea radhi, kwa kuwa hakuelewa nilichosema.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kwenye msiba wa yule Mmasai. Binti yake alinipokea kwa Kiiraqw safi kuliko changu. Nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Kwa baba," alisema. "Ndiyo lugha ya mama yake."