Gichiaro wa Kwenye Gemu

Mwaka jana mwezi wa nane nilinyang'anywa mchumba kwa sababu ya joka ambalo halipo duniani. Ukicheka sawa, hata mimi nilicheka sana kabla halijanifika.

Naitwa Mwiti. Kwetu ni upande wa Maua, lakini nafanya kazi Embu mjini kwenye duka la dawa za mifugo, na naishi mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu. Nitaeleza yote, hata yale yananiaibisha.

Mwezi wa sita kulitoka gemu mpya ya mtandaoni, inaitwa Zorandia. Mapanga, wachawi, falme, majoka. Beverlyne, tunayefanya naye dukani, ndiye alinionyesha.

"Weka hii kitu kwa simu uone," akasema. "Lakini ukishikwa usinilaumu."

Nikaweka. Siku ya kwanza sikuipenda. Bando iliisha nikiwa bado namchagulia mhusika wangu pua. Kijiji unachoanzia kina wazee wasioisha maneno, kila mmoja anataka umletee ngozi tano za mbwa mwitu. Mimi nauza dawa ya kupe kutwa nzima, halafu nije nichune mbwa mwitu bure.

Siku ya nne nikaanza kuonja utamu wake. Milima ya kule ina ukungu kama wa Nyambene asubuhi. Upanga ukigonga ngao, simu inatetemeka mkononi. Na unaongea na wachezaji wengine kwa maiki, watu wa kila pembe. Wiki hiyo ya kwanza ungeniuliza maksi ningekupa saba kwa kumi. Tatu nimekata kwa sababu ya wale wazee.

Shida ilikuwa moja. Nilikuwa mnyonge, kila mtu ananiua. Nilitaka vitu vya wakubwa na sikutaka kuvitolea jasho.

Jumapili moja mchana mbwa mwitu walikuwa wananimaliza kwenye daraja la mawe. Akatokea shujaa mkubwa mwenye ngao ya fedha, akawafyeka wote. Kisha nikasikia sauti ya mwanaume mtu mzima.

"Pole kijana. Hapa usikuwe unapita peke yako."

Ile lafudhi naijua hata nikiwa usingizini. Nikamsalimia kwa Kimeru, "Muga."

Akacheka kwa furaha. "Wee. Mtu wa nyumbani? Wewe ni wa ukoo gani?"

Sisi Wameru ndivyo tulivyo. Mtu hajakuuliza jina, ashakuuliza ukoo.

"Anza wewe mzee," nikasema.

Akautaja ukoo wake. Sitauandika hapa. Ulikuwa ndio ukoo wa Ntinyari.

Ntinyari ni mwalimu wa shule ya msingi, kwao Kangeta, na tulikuwa tumepanga nipeleke miraa ya posa mwezi wa nane. Tulipoanza kupendana, kitu cha kwanza aliniuliza ni ukoo. Nikamtajia wetu, akasema hakuna shida, tunaoana. Akaniambia kuna ukoo mmoja tu ambao kwao haugusiki, kwa sababu wao ni gichiaro.

Kwa wasiojua, gichiaro ni undugu wa kiapo walichokula mababu wa koo mbili. Gichiaro wako hamuoani, maana mmeshakuwa ndugu wa damu. Humdhuru wala humdanganyi. Na akikuomba kitu kwa jina la gichiaro humnyimi, hata kama ni ng'ombe wa mwisho zizini.

Nikayakumbuka hayo yote kwa sekunde moja. Ukoo ule una maelfu ya watu, kwa hivyo hata sikumfikiria Ntinyari. Nilifikiria ngao ya fedha.

Nikautaja ule ukoo wa gichiaro wao kuwa ndio wangu.

"Gichiaro wangu," akasema polepole. "Nimekupata mpaka huku? Hebu taja jina lako na la baba, nisikuje kukukosea."

Uongo unakolea ukitiwa ukweli kidogo. Nikamwambia mimi ni Mwiti wa Mwongera, niko Embu, nauza dawa za mifugo. Kitu nilichokuwa nimeiba ni ukoo tu.

"Sasa mzee," nikasema, "kwa gichiaro naomba hiyo ngao."

Akanipa. Hakuuliza swali hata moja.

Kesho yake, saa ya chakula cha mchana, nikaomba farasi. Jumanne nikaomba nyumba yake ya kule kwenye gemu, aliyoijenga tangu siku ya kwanza. Jumatano nikamwomba awe ananibebea mizigo. Akawa ananifuata nyuma kama punda.

Niliwaita wenzangu wa chama tulichojiunga pamoja kwenye gemu waje wamwone. Nikamwomba apige magoti sokoni, kwa jina la gichiaro, na tukamrushia mayai yaliyooza. Gemu ina mayai yaliyooza, sijui aliyeibuni alikuwa anawaza nini.

Beverlyne aliona hiyo ya mayai kwenye simu yangu. "Huyo ni mtu ama ni kompyuta?"

"Ni mtu."

"Na mbona unamfanyia hivyo?"

"Kwa sababu hawezi kukataa."

Akarudi kwa kaunta. Nitasema ukweli, ilikuwa tamu. Dukani ni mimi natumwa huku na kule kutwa nzima. Kwenye simu kulikuwa na mtu mzima ananiambia "sawa gichiaro" kwa kila upuzi ninaobuni, na nikazidi kubuni.

Alilalamika mara moja tu. Aliniambia alianguka kutoka kwa mti wa miraa akavunjika nyonga, na siku hizi hatoki kwa boma.

"Huku ndio mahali natembea," akasema. "Usinimalizie kila kitu."

"Pole sana mzee," nikamjibu, nikazima maiki nicheke.

Sasa kuna mahali kule panaitwa Bonde la Majivu. Ukifia hapo mhusika wako anafutika kabisa, pamoja na kila kitu ulichowahi kupata. Huko ndiko anakaa joka, na joka lenyewe lazima limle mtu mmoja kwanza ndipo lisinzie, wengine wapate kulichoma mkuki. Chama chetu kililitaka sana, lakini hakuna aliyetaka kuliwa.

Nikamwita. "Kwa gichiaro naomba utangulie."

Nilisikia kuku upande wake, na mwanamke anaita watoto waje wale.

"Mwiti," akasema, "hiyo ndio unaomba?"

"Ndiyo."

"Sawa. Umeomba, nimekupa. Mungu akuweke."

Akaingia, joka likamla. Jina lake likatoka kwenye orodha na sisi tukagawana meno ya joka. Sikumsikia tena, na sikujisumbua kumtafuta.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, tukaenda Kangeta kwa kina Ntinyari. Nilikuwa na baba mdogo Mutugi na wazee wengine wawili, na kifungu cha miraa ya posa kimefungwa kwa majani ya mgomba vile inavyotakiwa. Baba yake Ntinyari alifariki zamani, kwa hivyo wa kutupokea alikuwa kaka yake mkubwa, Kiogora. Sikuwa nimewahi kumwona wala kuongea naye. Ntinyari si mtu wa kutangaza shida za kwao, alikuwa ameniambia tu kwamba kaka yake anaugua, na huyo kaka alikuwa ameambiwa ukoo wetu tu, jina langu bado.

Kiogora akatoka nyumbani kwa magongo mawili. Aliposema "karibuni wageni," nikajificha nyuma ya baba mdogo. Ilikuwa ile sauti.

Nikaamua sitafungua mdomo siku hiyo. Nilidhani nikinyamaza itapita.

Lakini kwao anayeposa hujitaja mwenyewe. Mzee wa ukoo wao, anaitwa Kathuri, akaninyooshea fimbo. "Kijana, wewe ni nani?"

"Mwiti," nikasema chini chini. "Mwiti wa Mwongera."

Kiogora akainua kichwa. "Unafanya kazi gani, Mwiti?"

Ntinyari akanijibia, anatabasamu. "Anauza dawa za mifugo, huko Embu."

Nilitarajia matusi. Yule mtu aliacha gongo moja likaanguka, akaja akanikumbatia, na machozi yakamtoka.

"Gichiaro wangu," akasema. "Umekuja mpaka nyumbani."

Afadhali angenipiga kofi. Akageukia wazee wetu, bado amenishika bega. "Lakini mbona mmeleta miraa ya posa? Huyu ataoa aje dada yake?"

Baba mdogo Mutugi akashangaa. "Gichiaro gani? Sisi si wa ukoo huo. Umechanganya watu."

Wote wakaniangalia. Ntinyari akasema, "Mwiti?"

Nikasema ukweli kwa sababu hakukuwa na mahali pa kukimbilia. "Nilidanganya. Ilikuwa tu gemu."

Kiogora akarudi kwenye kiti chake. Akawaeleza wazee moja baada ya nyingine: ngao, farasi, nyumba, mizigo, magoti na mayai, joka. Hakupandisha sauti. Ntinyari alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya chai, na aliposikia ya mayai akaiweka chini.

Baba mdogo akajaribu kuniokoa. "Wazee wangu, mtoto amekosa, na tutatoa mbuzi mtakaotaja. Lakini koo zetu zinaoana, hilo mnalijua."

Mzee Kathuri hata hakumwangalia. Aliniuliza mimi. "Uliomba kwa jina la gichiaro?"

"Ndiyo mzee."

"Ukapewa?"

"Nikapewa."

"Ulinyimwa hata siku moja?"

"Hapana."

"Basi hapa hakuna uongo tena," akasema. "Wale mababu wa kwanza walianza vivyo hivyo, mmoja aliomba na mwingine akampa. Ile kitu umekula haitapikwi. Wewe ni mtoto wa nyumba hii, na huyu ni dada yako mpaka uzikwe. Rudisheni miraa kwa gari."

Nilipiga magoti pale kwenye majani makavu, mbele ya wazee. Nikamwambia Ntinyari nampenda, aseme kitu, aseme neno moja tu. Nilikuwa nalia kama mtoto na sikujali nani ananiona.

Akaiinua ile sufuria ya chai.

"Kaka," akasema, "kwa gichiaro naomba usinipigie simu tena."

Sijampigia mpaka leo.

Nilidhani yameishia hapo. Mwaka huu mwezi wa nne nikiwa dukani simu ikalia, na alikuwa Kiogora.

"Gichiaro, habari ya siku mingi? Jumamosi tuko na wageni, kuna kijana anakuja kuchukua Ntinyari. Ndugu za msichana huwa hawakosi. Kwa gichiaro naomba ukuje."

Sikusikia kejeli kwenye sauti yake, na nimeitafuta sana.

Nilienda. Nilipewa kiti upande wa ndugu, karibu na Kiogora. Wazee wakatuuliza mmoja mmoja kama tunakubali msichana aende. Ntinyari alikuwa anaangalia chini, anakunjakunja leso yake. Zamu yangu ikafika.

Nikasema, "Nakubali."

Yule bwana harusi akainuka akanipa mkono kwa heshima, akaniita shemeji.

Najua kuna mtu atasoma hapa aseme wazee wale ni wa kizamani, gemu ni gemu. Hata mimi nilisema hivyo barabara nzima ya kurudi Embu. Lakini ukikutana na mtu asiyeweza kukunyima, jiangalie vizuri unamwomba nini. Mimi ningeweza kumwomba urafiki, na siku hizi huwa nafikiria angenipa.