Mwani Usiotoka Baharini

Mkuyuni nzima, huku kando ya ziwa, ukiulizia mafuta ya kulainisha ngozi, unaelekezwa kwa Mwanvua. Siyo mkorogo wa kujichubua, ole wako umtajie mkorogo, anakutoa mbio na mwiko! Yeye huchemsha mwani wa kahawia uletwao kutoka pwani, akaukamua ute, akauchanganya na mafuta ya nazi. Ute ule hushika maji kwenye ngozi na kutuliza vipele. Kila sufuria mpya aliijaribu kwanza mwenyewe, mkononi, akasubiri hadi kesho. Hiyo ndiyo sheria yake, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika.

Ndipo ikaja harusi ya Bushra, mtoto wa marehemu dada yake. Alimchukua akiwa na miaka mitatu, akamlea na kumsomesha. Bibi harusi wa kwao huwekwa ndani siku saba, akisuguliwa mwili mzima, na kazi hiyo ni ya mama mdogo. Mwanvua alikuwa ameisubiri miaka ishirini.

Basi mwani haukuja. Gunia liko Tanga, mara limepakiwa, mara halijapakiwa, mara dereva hapokei simu. Siku ya tatu ya Bushra kuwekwa ndani, akiba yote ya mwani ilikuwa imekwisha. Mwanvua akashuka ziwani, akasimama kwenye mawe, akaona maji yamefunikwa na utando wa kijani, mzito, unaoteleza vidoleni sawasawa na ute anaoujua. Huu nao si ni mwani? akajiambia. Kila mtu hapa anauita mwani! Jamani, mtu mzima na akili zake!

Akachota ndoo nzima, akaukausha, akausaga. Akajipaka mkononi, akasubiri hadi kesho kama kawaida. Hakuhisi kitu. Lakini mikono ile imekoroga sabuni ya magadi makali miaka thelathini. Imekuwa sugu na kufa ganzi, hata sufuria ya moto anaipua bila kitambaa. Hilo hakulikumbuka.

"Mama mdogo, inawasha," Bushra alisema alipopakwa usoni.

"Vumilia, mwanangu. Ndiyo inafanya kazi."

"Inachoma!"

"Tulia basi. Bibi harusi gani huyu wa kulialia?" Mwanvua akacheka, akamwongezea tena.

Asubuhi uso ulikuwa malengelenge matupu, macho yamevimba hayafunguki. Huko zahanatini nesi Wilhelmina akauliza amepakwa nini. Mwanvua akamweleza yote. Nesi akaweka kalamu chini.

"Ule utando una sumu, mama. Hata ng'ombe hatakiwi kunywa maji yake."

Mwanvua akaketi sakafuni, akalia kwa sauti, wagonjwa wote wakimtazama.

Ndoa ilifungwa. Suhaib, bwana harusi, hakurudi nyuma, Mungu ambariki. Lakini Bushra hakuinua shela mpaka wageni wa mwisho walipoondoka, na malengelenge yalipopona yaliacha madoa meusi mashavuni na kwenye paji la uso. Gunia la Tanga lilifika siku nne baada ya harusi.

Mwanvua akapika mafuta kwa mwani ule, kwa uangalifu kuliko siku zote, akayapeleka nyumbani kwa Bushra.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea haya. Mwani wake wa baharini, nakuapia. Yatakusaidia hayo madoa."

Bushra alikitazama kile kikopo bila kukigusa. "Jipake wewe kwanza."

Mwanvua akakunja mkono wa gauni.

"Siyo mkononi. Usoni."

Akajipaka uso mzima, mbele ya mawifi wa Bushra waliokaa kwenye mkeka.

"Urudi kesho nikuone," Bushra akasema.

Kesho yake alirudi, uso umelainika, hauna hata kipele. Alikuja na matumaini. Bushra akamvuta dirishani, akamtazama kwa karibu, akampapasa shavu kwa vidole. Kisha akachukua kile kikopo cha jana, kikiwa kimefunikwa, akamrudishia.

"Mafuta mazuri, mama mdogo," akasema. "Ninachoogopa ni mikono yako."