Bomba la Mwisho la Fundi Ouma

Sababu ya safari ilikuwa barua ya Ouma, niliyesoma naye ufundi kabla mimi sijaishia kushika chaki Nakuru. Kiwandani kwao Kisumu, mabomba mawili ya tantalamu aliyoyachomelea yalikuwa yamepasuka. Limebaki moja la kuchomelea. Nalo likipasuka, aliandika, kazi hana. Tantalamu ni metali ya bei mbaya, inayovumilia joto na asidi kuliko chuma chochote.

Kericho baridi ilinifungisha koti hadi shingoni; Awasi, kwenye joto, nikalivua. Mchana nikafika Kisumu na njaa yangu, Ouma akanipokea kwa samaki, ngege wa kukaanga.

"Kula, Mwalimu. Hiyo maneno ya kufutwa ingoje ushibe."

Saa nane tukaingia karakana. Ouma akafungua mlango mkubwa unaotazama ziwa na upepo ukatupiga usoni. Alizoea kuchomelea mashua za chuma, na hili bomba pia alilipoza kwa upepo huo huo. Akanionyesha kipande cha bomba lililopasuka.

"Angalia. Hata tupa haiingii. Imekuwa ngumu kushinda mpya! Sasa inavunjika aje?"

Nikakibana kwenye jiliwa, nikakigonga mara moja. Kikakatika bila kupinda hata kidogo. Kwenye maungio rangi ilikuwa bluu na kijivu, nami nikaanza kuhubiri. Metali hii ikiwa ya moto hunywa hewa. Chembe za oksijeni na naitrojeni hujipenyeza katikati ya chembe zake na kuzizuia kuteleza. Ndiyo maana inakuwa ngumu, na ndiyo maana haipindi, inakatika. Gesi ya agoni huwekwa kuikinga, ila upepo wa ziwa ulikuwa ukiipeperusha yote.

"Kumbe ni huu mlango," Ouma akasema polepole. "Mimi mwenyewe nafungua kila siku."

Kesho yake saa moja asubuhi, ziwa likiwa limetulia, tulifunga mlango tukakubaliana agoni isizimwe mpaka bomba lipoe. Nikanyoosha mkono nilipange vizuri.

"Mwalimu! Mikono!"

Tulikuwa tumetoka kula samaki tena, na mafuta yalibaki vidoleni mwangu. Mafuta yana kaboni na hidrojeni, nazo hujipenyeza vilevile. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemweleza jioni. Aibu ilinishika. Akanipa sabuni, spiriti na glavu safi, akasimama kunisimamia kama mama.

Ouma akachomelea, na maungio yalitoka meupe, yanang'aa. Msimamizi wa kiwanda akalijaza bomba maji, akapiga pampu mpaka mshale wa kipimo cha shinikizo ukafika alama ya mwisho. Hakuna hata tone. Ouma akakaa sakafuni.

"Nimebaki," alisema, machozi yakimtoka.

Nilirudi Nakuru na samaki waliokaushwa kwa moshi kwenye mkoba na kile kipande kilichokatika mfukoni. Mimi hukionyesha kila darasa jipya. Lakini habari za oksijeni husubiri. Kwanza wanafunzi wote wanionyeshe mikono, nami nawaonyesha yangu.