Tableti ya Mkono wa Kushoto

Tangu kulipokucha, fundi cherehani alikuwa hasemi na mtu ila na Mungu wake. Aliomba akimwosha mumewe uso, akaomba akifunga mlango, na alipofika mbele ya duka la simu midomo ilikuwa bado inacheza. Hakuomba utajiri. Aliomba asikosee kuchagua.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kuwa hakuna pampu ya maji iliyowahi kumshinda, alikuwa ameangushwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi. Ulimi ulirudi, na mkono wa kushoto ndio uliobaki ukifanya kazi, ila kivivu. Kitanda kikawekwa kando ya dirisha, cherehani ikahamia chumba hichohicho, kitabu kikaegemezwa kwenye mto. Injinia anasoma, fundi anashona. Ukurasa ukiisha anaitwa, anainuka, anaufungua, anarudi kwenye mshono wake. Hakuwahi kunung'unika, Mungu ni shahidi. Lakini siku za karibuni akaona haitwi tena. Akadhani mume anasinzia. Kumbe! Alipopita na gauni la watu mkononi, akaukuta ukurasa ni uleule wa asubuhi, na macho ya mumewe yako darini.

"Mbona huniiti, baba?"

"Unanitosha huo huo. We shona."

Kisha juzi akasema vitabu wagawiwe watu. Alisema kwa upole, kama anayeomba maji ya kunywa, na hapo ndipo baridi ilipomwingia fundi moyoni. Mtu ambaye zamani hata karatasi ya kufungia sukari haikumpita bila kusomwa! Leo amekataa vitabu, kesho atakataa uji, na keshokutwa je?

Binti yao aliposikia, akasema kwenye simu, "Mnunulie tableti, mama. Atasoma, ataangalia mpira na mahubiri. Chukua kubwa, macho ya baba si unayajua."

Macho aliyajua. Lakini binti yuko mbali, hajauona ule mkono unavyotetemeka. Fundi aliupima mwenyewe kwa hila. "Nishikie mkasi huu nitunge uzi," akamwambia, na mkono ukashika, ukatulia. Akampa kitabu kinene, kikamwangukia kifuani. Basi akajua: mkasi wa kukatia vitambaa ndio mwisho wa nguvu zake. Akauviringisha kwenye kipande cha shuka, akautia mkobani, akaenda nao dukani.

"Karibu mama, nikusaidie nini?" aliuliza muuzaji, msichana mwenye kucha ndefu na sauti ya kubembeleza.

"Tableti, mwanangu. Ya kusomea na kuangalia video. Mgonjwa wangu analala chali."

Msichana akaleta moja pana kama sinia. "Hii ndiyo watu wanaigombania."

Fundi akafungua mkoba, akatoa mkasi. Msichana akaruka hadi akagonga rafu.

"Mama! Tumekosana wapi tena?"

"Tulia, mwanangu. Huu ndio mzani wangu."

Akafumba macho, mkasi kulia, tableti kushoto. Ile pana ikamvuta mkono chini. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa ndogo, upana wa kitabu cha nyimbo, na mkono wake haukuona tofauti. "Hii," akasema. Msichana akainama chini ya kaunta kuitafutia kasha lake.

Fundi akaitazama ile ndogo. Kwenye kioo aliziona taa za duka tu. Sasa, mtu aliyezeeka kwenye ushonaji hachagui kitambaa chini ya taa. Unashika ncha ya jora, unatoka nayo mlangoni, unaitazama kwenye jua, na mwenye duka hata hakuangalii mara mbili. Na kitanda cha Injinia si kiko dirishani? Miguu ikatoka yenyewe. Akavuka kizingiti, tableti mkono huu, mkasi mkono ule, akasimama juani.

"We mama! Simama hapo!" Mlinzi alikuwa amegeuka akipiga soga, sasa sauti yake ilipasua barabara.

Mpita njia akaidaka. "Mwizi! Ana mkasi!"

Neno hilo likishatoka, halina wa kulirudisha. Watu walimjaa kabla hajageuza shingo. Mwanamume mmoja akamkaba kifundo cha mkono, mwingine akavuta mkoba. "Uzee huo wote, huoni haya?" "Huyu si wa leo, huyu ni mzoefu!" Mtu aliinama kuokota jiwe. Fundi alijaribu kueleza, hakuna aliyemsikiliza. Picha iliyomjia haikuwa ya kipigo. Aliona kitanda cha dirishani, na mlango aliofunga kwa nje, na ufunguo ulio mkobani. Wakinifikisha kituoni, nani atamgeuza? Nani atampa maji? Ee Mola, si leo.

"Mwacheni! Mwacheni ni mteja wangu!" Msichana alitoka mbio, kasha kwapani. "Alikuwa anapima!"

"Anapima kwa mkasi?" mlinzi akafoka.

"Ndiyo, kwa mkasi! Weka jiwe chini, baba, huyu si ni mama yako?"

Mshiko ukalegea, mkoba ukarudishwa. Fundi akakitazama kile kioo ambacho nusura kimuue. Kilikuwa cheusi tii, aliuona uso wake mwenyewe.

"Hii haifai," akasema kwa sauti ndogo. "Juani haionekani."

Watu wakaangua kicheko. "Haya, apewe nyingine aibe vizuri!" Na kundi likatawanyika kama lilivyokuja.

Msichana hakucheka. Akapitisha kidole juu ya kioo. "Mwanga ulikuwa umeshushwa, mama. Ona." Herufi zikajitokeza, nyeusi, zilizonyooka. Akazivuta kwa vidole viwili zikawa kubwa kama za bango. "Nyumbani intaneti mnayo?"

"Hatuna."

"Basi tuiongezee kadi ya kumbukumbu, video nikuwekee hapa hapa. Bila hivyo angeishia kusoma vitabu vilivyomo tu."

Hilo fundi hakuliwaza kabisa. Akalipa, akamshukuru, akarudi nyumbani akitembea upesi kuliko miguu yake ilivyotaka.

Injinia aliitazama ile tableti. Akaipokea. Ikayumba, ikamlalia kifuani. Fundi akanyoosha mkono.

"Acha."

Akajaribu tena, ukingo akauegemeza kwenye mbavu. Mkono ukatetemeka, ukatetemeka, ukatulia. Kidole gumba kikasogea. Hakuna kilichotokea. Kikasogea tena, na ukurasa ukageuka.

Kisha Injinia akakohoa. "Nenda kashone, bibi. Nguo za watu hizo."

Fundi akaketi kwenye cherehani, akatia mguu kwenye pedali. Akashona mkono mzima wa gauni bila kuitwa, sikio lote likiwa kitandani. Mwisho akashindwa, akarefusha shingo kuona kama ukurasa ni uleule.

"Nakuona unavyochungulia," Injinia akasema, bila kuinua macho. "Niko mbali sana humu kitabuni. Usinipoteze."