Hati Yangu Haitoki Kwenye Mkebe

Nakumbuka asubuhi moja hapa Nawoitorong, mwanangu Asekon, nilipomcheka mama mkwe wangu mpaka machozi yakanitoka. Jina lake Arupe. Alikuwa amekaa chini mlangoni kwangu, miguu ameinyoosha, anasuka kikapu cha majani ya mkoma, na alikuwa ameniambia jambo ambalo leo nakuambia wewe. Nilimcheka kama ulivyonicheka Jumamosi mbele ya wageni wako. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mkono wangu haujazoea, niliishia darasa la tatu, lakini nikisema kwa mdomo nitakutukana, na wewe ni mtoto wa binti yangu. Nina hasira, sikufichi. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Babu yako Ekidor alikuwa dereva wa ofisi ya maji hapa Lodwar. Kwa mshahara huo benki ikampa loni akajenga nyumba hii ya mawe, vyumba vitatu na jiko la nje. Hati ya ploti ikabaki benki, sisi tukabaki na miaka kumi ya kulipa. Karani wa loni aliitwa Wanyonyi, mtu wa Bungoma, mpole sana, viatu vyake viling'aa hata kwa vumbi hili letu. Mimi nilikuwa nauza samaki wakavu wa Kalokol. Na nilikuwa na mbuzi thelathini na nne, kaka yangu Lopeyok akiwachunga upande wa Lokichar. Nawajua wote mpaka leo. Kulikuwa na Nakirion, yule mweusi mama yao. Kulikuwa na mweupe wa sikio lililokatika, aliyezaa mapacha mara tatu. Usinichokoze nitaje wote, karatasi itaisha.

Arupe akaniambia, "Uza ishirini sasa, wakiwa wanono. Mpelekee Wanyonyi pesa yote."

"Mama, niuze mbuzi nilipe karatasi?"

"Karatasi ndiyo imeshika nyumba unayolala."

"Mbuzi wangu wanazaa. Karatasi haizai."

"Inazaa kila mwezi," akasema, hata hakuinua macho kwenye kikapu. "Muulize Wanyonyi. Na hiyo haingoji mvua."

Basi nikacheka. Nikawaita majirani, njooni msikie, mama mkwe anataka nikae mjini bila mbuzi hata mmoja, kama mtu aliyeshushwa na basi la Kitale jana! Wakacheka wote. Mtu wa kwetu bila mbuzi ni nani? Mtoto wa kaka yako akioa utapeleka nini, utapeleka risiti? Ndivyo nilivyosema, na nilijiona nimesema vizuri. Arupe akakunja majani yake akaenda kwake.

Mvua ikakosa. Watu wakasema itakuja msimu mwingine, na huo nao ikakosa. Siku moja Lopeyok akatokea kwa miguu, midomo imepasuka, amebeba ngozi tisa mgongoni. Nikamuuliza mbuzi wako wapi. Akaziweka chini mbele yangu, akasema, "Hizi ndizo nilizoweza kubeba." Ya juu kabisa ilikuwa nyeusi.

Mwaka ule ule ofisi ya maji ikapunguza madereva. Ekidor akarudi nyumbani na barua na shati la kazi. Miezi minne hatukulipa kitu. Mwezi wa tano Wanyonyi akaja na mtu wa futi. Alinisalimia vizuri kabisa, ejok, nikajibu ejok, halafu wakaingia wakapima chumba changu cha kulala mbele ya watoto wangu, ili wajue watakiuza kwa kiasi gani. Mama yako alikuwa na miaka sita. Aliniuliza wale wanaume wanatushonea nini.

Arupe alipopata habari hakunicheka. Ningependa angenicheka. Alikuja na ngozi yake ya kulalia begani, akasimama uani, akaangalia jiko.

"Tutalala humo," akasema. "Wote. Vyumba vya mawe ni vya watu wenye mshahara."

Tukawapangisha. Viwili akachukua Mwalimu Chebet na watoto wake, kimoja nesi aliyeitwa Rosa. Sisi watu sita jikoni, moshi machoni. Ekidor akaenda Kalokol kupakia samaki kwenye malori, yeye aliyekuwa anaendesha gari la serikali, na wenzake wakimpigia honi wakipita. Mimi nikauza samaki wazima, nyumbani nikapika vichwa. Chai ya rangi. Sukari Arupe aliifunga kwenye kitambaa kiunoni mwake, na ukitaka kijiko unaenda kumwomba kama mtoto. Mimi mama wa watoto watatu! Mjini tulikwenda kwa miguu, tukarudi kwa miguu. Jioni vikapu, mpaka vidole vikatoka damu.

Jirani yetu Napeyok, aliyenisaidia kumcheka Arupe, alipita akasema kwa sauti ili nisikie, "Huyu ana nyumba ya mawe na analala jikoni kama paka."

Arupe akamjibu, "Paka wetu hana deni kwako. Pita."

Halafu kulikuwa na ndugu wa mwisho wa mwezi. Unawajua, wewe pia unao. Kwetu mtu akiomba, kumnyima ni kumwambia wewe si wangu. Mimi nilikuwa nagawa mpaka mfuko uwe mweupe. Arupe hakumnyima mtu. Alimwita ndani ya moshi, akampa bakuli la chakula kile kile tulichokula sisi, akakaa naye, akacheka naye, akamsindikiza mpaka barabarani. Pesa hakumpa, kwa sababu haikuwepo. Kodi ya Mwalimu Chebet ikishikwa asubuhi, kabla ya saa nne iko kwa Wanyonyi. Tuliomba radhi kwa mdomo mtupu na hatukusema uongo.

Na hapo benki nikajifunza jambo ambalo shule yako haikukufundisha, maana nimekuuliza na hukujua. Tulipoanza kupeleka ya ziada, Arupe alimwuliza Wanyonyi, "Hii ya juu inaenda wapi?" Akasema inakaa kama malipo ya mwezi ujao. Mama mkwe akaweka mkono juu ya pesa. "Hapana. Ikate deni lenyewe. Andika." Wanyonyi akaandika. "Soma." Akasoma. "Soma tena." Mara tatu, na watu wamepanga foleni nyuma wananung'unika. Hakujua herufi hata moja yule mama, lakini hakuondoka bila muhuri. Kila mwezi hivyo hivyo. Mwisho Wanyonyi alikuwa akituona mlangoni anaandika kabla hatujafika mezani.

Tulimaliza miaka mitatu kabla ya wakati, Asekon. Siku ya kuchukua hati Arupe alikuwa haoni vizuri tena. Akaishika, akaipapasa pembe zote nne, akaniuliza, "Ni hii tu?" Nikasema ni hii tu. Akasema, "Ni nyepesi kuliko ngozi." Hakutaja mbuzi siku nyingine mpaka alipokufa, na neno hilo moja ndilo linanichoma mpaka leo. Hati ikaingia kwenye mkebe wa biskuti, na mkebe unaujua uko wapi.

Sasa wewe.

Umechukua loni ya miaka kumi na tano. Kazi yako kule Kakuma ni ya mwaka mmoja, ukiisha unangoja wakupe mwingine. Mwaka huu umeniambia mwenyewe dawati lililo karibu na lako limebaki tupu, na lile la dirishani pia. Kazi ya mwaka mmoja, deni la miaka kumi na tano! Nani alikupa hesabu hiyo? Jumatatu mpaka Ijumaa umepanga chumba Kakuma, na nyumba yako ya Lodwar imefungwa kufuli, viti bado vina nailoni, inalala yenyewe. Benki inakula, na nyumba haikuletei hata kikombe cha chai. Halafu unachinja mbuzi wanne kufungua nyumba ambayo umelipa miezi saba tu. Spika kubwa kama kabati. Nilikaa kwenye kiti chako cha nailoni nikahesabu kreti za soda. Nilihesabu zote! Mpaka ulipokuja kuchuchumaa mbele yangu na sauti tamu.

"Ata, nyanya yangu, niazime ile hati yako. Ni kuweka tu pale benki waniongeze ya gari. Haitapotea."

Nikakuambia lipa kwanza hii. Ukasema, "Ata, tulia. Deni ni la miaka kumi na tano, haraka ya nini?" Na yule rafiki yako Kevo, mtoto wa Nang'iro muuza mkaa, usidhani simjui, akasema, "Shosho hajui mambo ya benki." Mkacheka, na wewe ukacheka. Ndipo nikashika fimbo yangu nikaondoka, na mguu huu mbovu, na hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Sijui mambo ya benki? Benki imepima chumba changu cha kulala kwa futi!

Sikia basi, na nikisema sirudii. Hati yangu haitoki kwenye mkebe. Usiniombe tena, usimtume mama yako, usimtume padri. Gari huna, na Kakuma utaenda kwa gari la abiria kama ulivyokwenda siku ya kwanza ya kazi, ukiwa na begi moja na adabu.

Nyumba yako ipangishe mwezi huu. Hospitalini kuna wauguzi wanatafuta, na wahasibu wa kaunti wanalala hotelini. Wikendi ukitoka Kakuma utalala hapa, chumba cha mbele, kile alichokaa nesi Rosa. Kodi yangu sitaki. Nataka nione risiti. Mshahara ukiingia, benki ipate kwanza, kabla hujanunua hata vocha ya simu. Kila ya ziada useme ikate deni lenyewe, uandikiwe, uone muhuri, na kama una haya ya kusimama mbele ya foleni, nichukue mimi, sina haya. Uulize pia kama wanatoza mtu anayemaliza mapema, na wakuandikie jibu. Ndugu wakija wape chakula unachokula, ukae nao, uwasindikize. Mbuzi utanunua baadaye, na mimi nitakuchagulia, kwa sababu najua mbuzi. Viti vitoe nailoni uviuze.

Utasema watu watakucheka. Watakucheka. Napeyok alinicheka miaka sita, leo anakuja kunywa chai kwenye kibaraza cha mawe, na sukari anaweka mwenyewe. Kucheka hakukuumizi. Kinachoumiza ni mtu mpole mwenye viatu safi, anakusalimia ejok, huku futi iko mkononi.

Nimechoka kuandika na hasira imepungua kidogo, imebaki ile ya kawaida. Chumba nimekifagia. Ukija Ijumaa njoo na godoro lako, langu halitoshi watu wawili, na uje na karatasi zote za benki, utanisomea. Mara tatu.

Nimetema mate ya baraka kwenye kiganja changu, mwanangu, na ukiinama mlangoni nitakupaka kichwani kama Arupe alivyonipaka mimi siku tuliyotoka benki. Mungu akupe mvua, akupe kazi isiyokatika, akupe vidole vigumu na masikio laini. Ulale kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kuipima. Na mimi nisife kabla sijaipapasa hiyo hati yako pembe zote nne.

Ni mimi, nyanya yako, hapa Nawoitorong.