Vipande Alivyovikata Mkasi

Walimwita Mkasi kwa sababu alikuwa mhariri wa filamu asiye na huruma. Picha ikizubaa kidogo tu, anaikata. Jina hilo alipewa na Kapteni, mwongozaji aliyependa urubani kama wengine wanavyopenda mpira. Picha za angani alizipiga mwenyewe, akirusha kindege chake cha viti viwili huku kamera imefungwa mlangoni.

"Siku moja utaanguka, kaka," Mkasi alizoea kumwonya.

"Nikianguka, dada, hiyo usiikate. Itauza."

Hakuanguka. Alifia kitandani kwa homa, miguuni amevaa soksi, akamwacha binti yake hajaanza hata shule.

Sasa binti huyo, mtu mzima, alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti katika chumba cha uhariri.

"Shangazi, filamu zake zote nimeziona. Hayumo hata moja. Sauti yake siikumbuki kabisa."

Ndipo Mkasi alipokumbuka. Kule angani Kapteni hakuwa na msaidizi wa kuandika maelezo. Kila picha ilipoisha, alimwachia maagizo kwa mdomo, kwenye mkanda uleule. Naye Mkasi aliyasikiliza, akayafuata, kisha akayakata. Watazamaji wana haja gani na porojo za rubani? Ila kutupa kitu hakujui. Alipanda juu ya stuli, akashusha kopo la bati lililojaa vipande alivyovikata kutoka juu ya kabati, akapiga chafya.

Kipande cha kwanza kilitoa mngurumo wa injini tu. Cha pili vilevile. Binti akaanza kutafuta mkoba wake.

"Tulia, mwanangu. Baba yako naye alikuwa hivyohivyo, hana subira."

Cha tatu kilionyesha mto, kisha mapaa ya nyumba, kisha picha ikayumba ovyo. Juu ya mngurumo ikasikika sauti ya furaha, yenye mikwaruzo:

"Mkasi, kata kwenye mto. Hapa nimeyumbisha bawa makusudi, namsalimia binti yangu. Yule pale uani, kabebwa na mama yake! Haya, natua, ananisubiri."

Binti aliziba mdomo. "Kumbe anaongea puani kama mimi!" Alicheka, machozi yakimtiririka. "Rudisha, shangazi."

Mkasi akarudisha. Mto, mapaa. Mkono wake ulizoea kukimbilia swichi ya kusimamisha mkanda picha inapoanza kuyumba. Safari hii aliukalia.